Chujio nililoling'oa mwenyewe

Mliowahi kufanya kazi kiwanda cha samaki Mwanza mtanielewa haraka, wengine vumilieni kidogo, kuna harufu humu.

Nilipiga kazi ya minofu karibu miaka mitatu, gambuti nyeupe, kofia ya nyavu, vidole vimekufa ganzi kwa barafu toka alfajiri. Sangara anaingia mlango huu akiwa mzima anatokea mlango ule akiwa minofu, na hiyo minofu haifiki hata nusu ya uzito wake. Kinachobaki wala hakitupwi, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yana wateja wake, mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, ndo usiseme kabisa, yale yanahesabiwa kama hela na yanafungiwa kwa kufuli. Ila kuna vitu havina mwenyewe. Vipande vya nyama vya ukubwa wa kidole, ngozi zilizochanika, mafuta, magamba, damu. Hivyo vyote tulikuwa tunavifukuza kwa mpira wa maji mpaka kwenye mfereji, basi.

Yaani zamu inaisha, unashika mpira, unakiona kipande kiko chini ya meza unakipiga maji, kinaenda kinakwama kwenye mguu wa meza, unazunguka upande wa pili, kinarudi kilikotoka, unakipiga tena. Dakika nzima ya maji kwa kitu ambacho ungeinama tu ukakiokota. Na hakuna aliyeshangaa, mimi mwenyewe nilikuwa hodari wa kukimbiza vipande, nilikuwa nashindana na jamaa yangu mmoja nani atafikisha wake mferejini kwanza.

Kilichochekesha (au kuliza, sijui) ni kwamba nilikuwa nimepanga mtaa wa Igogo, hapohapo Mwanza, huko juu kwenye mawe. Ziwa unaliona lote mlangoni kwako, linang'aa, halafu maji ya kupikia unanunua kwa dumu la lita 20 na mtu anayekupandishia anahema mpaka unamwonea huruma. Siku moja nikajiuliza hivi kule kiwandani tunatumia madumu mangapi. Nikachukua ndoo ya lita 20, simu mkononi, nikapima mpira mmoja ukiwa wazi. Sekunde 40 ndoo imejaa. Sasa piga hesabu, hiyo ni lita 30 kwa dakika, na chumba chetu kilikuwa na mipira 6, na tukienda kula nusu saa ilikuwa kawaida kabisa kuiacha inamwaga pale chini eti isaidie kulainisha uchafu. Lita 5,400. Madumu 270, na sisi tuko kantini tunakula wali maharage.

Mfereji ulikuwa na chujio la chuma mdomoni. Kazi yake kukamata vipande visiingie kwenye bomba. Tatizo chujio likikamata kweli linaziba, maji yanajaa sakafuni, supavaiza anapiga kelele, na kulisafisha inabidi uzamishe mkono mpaka kwenye kiwiko mle. Usiku mmoja nikaona isiwe tabu, nikaling'oa nikaliegemeza ukutani. Maji yakashuka fyuu, kila mtu akanisifu. Lilikaa pale ukutani wiki kadhaa. Halafu siku bomba la nje lilipoziba, mafuta yameganda humo kama samli ya baridi, maji yakarudi mpaka kwenye mlango wa kupakilia mzigo, tulisimamisha kazi zamu nzima. Fundi alivyokuwa anachokoa akatoa minofu mizima, unaijua kabisa hii ni ya kwetu. Nilinyamaza kimya, leo ndo nasema.

Watu hawaogopi uchafu wa kiwanda cha chakula kwa sababu si kemikali, ni nyama tu, ni damu tu, samaki si wanakula? Sasa hapo ndo penyewe. Bakteria wa majini nao wanakula, na wakila wanamaliza hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Kipimo chake kinaitwa BOD, na kanuni zetu za ubora wa maji za 2007 zinataka maji taka yakitoka yasizidi miligramu 30 kwa lita, wakati yale yanayotoka kwenye meza ya minofu bila kusafishwa yanaweza kuwa na mamia mpaka maelfu. Halafu hayohayo ndo mbolea ya magugu maji. Na kipande kadiri kinavyopigwa maji ndo kinavyosagika, kikishasagika na damu ikishachanganyika hakuna chujio la kukikamata tena, inabaki kazi ya mabwawa ya kusafishia maji taka, na mabwawa yana uwezo wake.

Ndo maana nabishana na wanaosema punguza maji tu inatosha. Ukibana maji halafu uchafu ukaenda vilevile, umepata uji mzito badala ya uji mwepesi, bwawa litaelemewa palepale. Inatakiwa uchafu usilowe kwanza.

Alikuja mama mmoja kusimamia usafi, mkali, tulimwita bi mkubwa. Wiki ya kwanza akakusanya mipira yote akafungia stoo. Hakuna maji mpaka sakafu imefagiwa kavu! Tukapewa mifagio ya mpira na makreti, vipande vyote kwenye kreti, vinaenda kwa watu wa chakula cha kuku. Kukawekwa trei chini ya meza za kuchinjia damu isifike sakafuni. Ndo unapewa mpira, una nozeli ya kubonyeza, ukiachia inajifunga. Suuza, sabuni, suuza, klorini. Tulilalamika sana, na wakubwa nao walikuwa na hofu yao, maana tangu Ulaya wazuie samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kiwanda kinaogopa mkaguzi kuliko bili, na kwa wengi usafi maana yake maji mengi. Bi mkubwa akawaambia chukueni sampuli za sakafu mpeleke maabara. Majibu yakarudi safi. Na tulikuwa tunamaliza usafi mapema kuliko zamani, hilo ndo lilitufunga midomo.

Chujio alilirudisha mwenyewe. Aliuliza nani alilitoa, hakuna aliyejibu.

Juzi nimempigia yule jamaa yangu wa mashindano, bado yuko palepale. Bi mkubwa alishahama. Nikamuuliza zile nozeli vipi, akacheka sana, anasema zilikuwa 6 imebaki moja, na hiyo moja wameifunga kitufe chake kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili isijifunge.