Nilivyoachana na his-TO-ri

Mi natembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, kingereza ndo kinanilisha, lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera, naongea vizuri tu afu mgeni anakunja uso, umesemaje? Na neno lenyewe ni history. Nilikuwa nasema his-TO-ri, mkazo silabi ya pili toka mwisho kama tulivyozaliwa nao, sa-MA-ki, ka-RI-bu, kumbe wao wanabonyeza HIS huko nyuma wanapitapita tu. Bas nikahamia HIS kwenye kila kitu, nikifika kwenye historical nabonyeza HIS, mgeni anakunja uso tena 😅 kumbe hapo mkazo umeshahama, his-TO-ri-kal.

Sasa mkazo kuhama mbona hata kwetu upo, sema PI-ka, pi-KI-a, pi-ki-A-na uone. Ila kwetu irabu haiguswi, ile i ya pi inabaki i hadi mwisho. Kwao irabu ikinyang'anywa mkazo inalegea, inakuwa kasauti fulani kachovu kanakokaribia a, hata kama imeandikwa o. Chukua photograph, FOU-ta-graf. Photography, fa-TO-gra-fi, yani o ya kwanza imekufa ya pili imefufuka. Photographic, fou-ta-GRA-fik, ya pili imekufa tena! Na hilo neno kwa kazi yangu silikwepi, kila kona mtu anataka picha.

Nikaacha kukariri neno moja moja nikawa naangalia mkia. Ukiona -ic au -ical bonyeza silabi iliyo kabla yake, economic, historical. Ukiona -graphy, -logy, -ity hesabu ya tatu toka mwisho. Usiku najirekodi kwenye simu najisikiliza, aibu tupu siku za mwanzo, mke wangu akasikia fa-TO fa-TO toka jikoni akadhani naumwa.

Afu sheria yenyewe ikanitosa mlango wa kwanza tu. Namuonyesha mgeni maandishi yaliyochongwa juu ya mlango, nasema a-RA-bik kwa kujiamini kabisa, kumbe Arabic inabonyezwa mwanzo. Catholic vilevile, na kanisa la St. Joseph lipo njiani kwetu, utafanyaje. Hayo mawili pamoja na politics nimeyameza hivyohivyo.

Linalonishinda mpaka leo ni vegetable, ukiisoma ilivyoandikwa unapata silabi nne wao wanatamka tatu, nikifika nao soko la Darajani nasema tu spinach yaishe.