Kano na Shida Zake

Safari ya ndege nairuka. Nilifika Kano, kaskazini mwa Nigeria, usiku, chumba nilicholipia mapema kina feni isiyozunguka, na asubuhi nikasimamisha bajaji, wenyewe huiita adaidaita sahu, inipeleke soko la Kurmi. Nikauliza bei kwa vidole. Dereva akajibu, "Ɗari shida."

Shida? Nikadhani njia imefungwa. "Shida gani, ndugu yangu?" nikamwuliza kwa Kiswahili changu cha Babati. "Shida! Shida!" akasisitiza, akininyoshea vidole sita. Mwalimu mmoja mzee aliyekaa ndani alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kumbe kwa Kihausa, lugha ya huko, shida ni sita: naira mia sita. Mzee mwenyewe, niliona baadaye, alilipa mia mbili.

Katikati ya njia injini ikazima. "Ya mutu," dereva akanung'unika. Mtu? Nikageuka kutafuta tuliyemgonga. Mzee akacheka tena: imekufa. Na mtu kwa Kihausa ni mutum, akaongeza, ila huko kufanana na Kiswahili ni bahati tu, msijidai undugu. Ndugu wa kweli wa mutu ni mata la Kiarabu, yaani alikufa. Tukiwa juani, dereva akipekua plagi, mzee akanieleza kwamba Kihausa ni cha tawi la Kichadi, lenye lugha zaidi ya 150 kuanzia Nigeria mpaka Chad, na tawi hilo limo katika ukoo wa Kiafroasia pamoja na Kisemiti, Kiberiberi, Kimisri cha kale na Kikushi. Kwa hiyo mauti sisi tuliyaazima kwa Waarabu. Wao mutu lao ni urithi. Ashirin na hamsin, hayo ndiyo waliyoazima kama sisi.

Kurmi nilitaka makubadhi ya ngozi. Bei ikanitoa jasho. Mzee alikuwa amenifundisha neno moja, nikalitupa: "Da tsada!" Ghali! Ile ts ikapasuka mdomoni sawasawa, na mchuuzi akashtuka. Umeitoa wapi? Nimeitoa kwa mama, Mwiraqw wa Mbulu. Kiiraqw ni Kikushi, na ts hiyo ya kupasua wanayo pia. Utotoni wenzetu walisema mama anaongea kama anayebangua karanga, nasi tukawa tunamjibu kwa Kiswahili mbele za watu.

Nikapunguziwa kidogo sana. Usiku nikampigia mama nimweleze habari za ukoo wetu wa mbali. Akanisikiliza, kisha akauliza makubadhi nimenunua bei gani. Nikamtajia. Akasema nimeibiwa.