Nilivyobaki mwanafizikia bila kuhama nyumbani

Vijana wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) mnaniuliza sana kama mtu anaweza kufika mbali na fizikia huku bado anaishi Tanzania. Mi nimeweza, sema njia yenyewe haikunyooka.

Digrii ya kwanza nilimaliza na GPA ya 3.9, na kazi ya TA (mkufunzi msaidizi wa chuo) walikuwa wanataka kuanzia 3.8, kwa hiyo vigezo nilikuwa navyo ila nafasi haikutangazwa, nikaenda kufundisha fomu faivu na siksi kama miaka miwili hivi. Usiku nakaa na kaunta buku natatua maswali ya kwantamu mekaniksi (fizikia ya vitu vidogo sana kama elektroni) moja moja, maana hesabu ukiziacha miezi sita tu mkono unasahau.

Mwalimu wangu mmoja wa chuo ndo aliniambia habari za ICTP, kituo cha fizikia kilichopo Trieste, Italia. Wana diploma ya mwaka mmoja kwa watu wa nchi kama zetu na wanagharamia, tiketi mpaka kula. Mara ya kwanza nilikosa, ya pili nikapata. Jamani ule mwaka!! Mitihani haiishi, darasani uko na Mnaijeria, Mnepali, Msudani, wote wakali, na nje kuna upepo Waitaliano wanauita "bora", ukivuma kutoka milimani unatembea umeshikilia ukuta. Huko ndo nikaelewa nyumbani nilikuwa nakosa nini: mtu wa kubishana naye ubaoni.

Aliyeanzisha kituo hicho mwaka 1964, Abdus Salam, yalimkuta hayohayo. Alitoka Cambridge akarudi kwao Pakistani, jiji la Lahore, 1951 kufundisha, hana wa kuongea naye fizikia, chuoni wakampa na timu ya mpira asimamie, 1954 akaondoka kurudi Uingereza, na Nobeli ya 1979 akaipata akiwa ughaibuni. Hiyo stori iliniuma sana, na baadae ikanikuta na mimi. Nimemaliza PhD hukohuko Italia, nikarudi kufundisha chuo kimoja mkoani, nikapewa ratiba ya mitihani ya kitivo kizima pamoja na darasa la watu zaidi ya 300, mwaka mzima sikuandika hata ukurasa mmoja wa utafiti. Nilikuwa naogopa kweli.

Kilichoniokoa ni mpango wa ICTP wa Asosieti, unakubaliwa kwa miaka 6, unaenda Trieste mara kadhaa unakaa wiki kadhaa, halafu unarudi kwenye kazi yako nyumbani. Kabla ya safari naandika kila sehemu niliyokwama, nikifika naanza na hizo, sio kuzurura kwenye seminari tu. Na nilichagua utafiti unaoendana na hali yetu. Maabara sina, ila mahesabu ya elektroni ndani ya mata nayafanya kwa Quantum ESPRESSO, programu ya bure, wengi walioijenga ni watu wa hukohuko Trieste, nakesha nayo kwenye kompyuta ya kawaida, umeme ukikatika kazi iliyohifadhiwa inaendelea pale ilipoishia. Chagueni hivyo na nyie, msichukue mada inayohitaji mashine ambayo mkirudi hamtaiona tena.

Saivi nina wanafunzi wawili wa masta. Kila Alhamisi saa kumi jioni tunakutana ubaoni, tunabishana mpaka mlinzi anakuja kufunga milango.