Miezi mitatu niliisingizia kabureta: uzoefu wangu na Datsun 240Z

Gari hili nimerithi kwa mjomba wangu wa Arusha. Ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, injini ya L24 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, kabureta (vifaa vinavyochanganya mafuta na hewa) mbili za Hitachi. Watu wa rika la mjomba hawahitaji kuelezwa ni gari gani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena na gari la aina hiyo hiyo. Mjomba alilipenda gari lake hadi siku zake za mwisho. Kwa hiyo nilipoliteremsha Dar es Salaam likaanza kunizimikia kwenye foleni, iliniuma kweli.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye sailensi, yaani injini inapozunguka bila wewe kukanyaga mafuta. Likiwa mwendoni gari linavuta vizuri, halina neno. Ukifika kwenye taa ukaachia mafuta, mzunguko unashuka kutoka 750 hadi 500, unaruka 900, unashuka tena, gari zima linatetemeka, na mara moja moja linazima. Usiku ukiwasha taa kubwa na waipa ndiyo linazidi.

Kila fundi aliyefungua boneti alisema kabureta. Na hoja yao ilikuwa na mashiko. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, kwa hiyo gari lililoishi kule hupunguziwa mafuta ili yalingane na hewa. Ukilishusha pwani, hewa inakuwa nzito na mafuta ni yale yale machache. Injini iliyopungukiwa mafuta hutetemeka vile vile nilivyoeleza. Hoja hiyo nzuri ndiyo iliyonichelewesha. Kabureta zilifunguliwa mara mbili, nikaagiza vifaa vya kuzikarabati kutoka Marekani, skrubu zikazungushwa kila upande. Kila mara gari lilitulia siku mbili, kisha likarudi kule kule.

Kilichonifumbua macho ni mshale wa RPM, saa inayoonyesha kasi ya mzunguko wa injini. Nilikuwa nimesimama kwenye taa za Morocco, hapa hapa Dar, usiku, mvua inanyesha. Injini ikaanza kuyumba, na safari hii macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi. Mshale haukushuka pamoja na injini. Ulianguka hadi sifuri kwa mpigo, ukarudi 700, ukaanguka tena, na muda wote huo injini bado inazunguka, naisikia chini ya miguu yangu.

Nililala nikiuwaza mshale ule. Injini ina uzito wake, haisimami ghafla. Ikikosa mafuta, mshale hushuka taratibu kadiri injini inavyopungua kasi. Ila katika 240Z, umeme unaokwenda kwenye koili (kifaa kinachokuza volti ili plagi zipige cheche) hupitia kwanza kwenye saa ya RPM, na saa hiyo inahesabu mapigo ya umeme huo. Mshale ukianguka sifuri huku injini inazunguka, mapigo yamekatika. Hapo kabureta haihusiki.

Asubuhi nilikwenda eneo la Gerezani kwa mzee mmoja, fundi rewaya (umeme wa magari) wa siku nyingi. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakugusa gari. Aliniuliza, "Mwanangu, athi umepima?" Yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Nikamwambia nimepima na mita, nyaya zote zinasoma sifuri omu, ziko salama. Akatikisa kichwa. "Umepima waya uliolala. Pima waya ukiwa kazini."

Maneno yale yalinifundisha kuliko vitabu vyote nilivyosoma kuhusu gari hili. Waya wenye nyuzi thelathini ukibaki na uzi mmoja mzima, mita ya omu itakuambia waya ni mzima, kwa sababu mita inapitisha umeme kiduchu sana. Pitisha ampea tatu au nne za koili, uzi ule mmoja hautoshi. Kinachotakiwa ni kuweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma unachokishuku, umeme ukiwa unapita. Kama athi ni nzuri unapata sifuri au karibu na sifuri. Ukipata zaidi ya volti 0.2, kuna mahali umeme unakwama.

Nilianza na bodi la gari, taa zote zikiwa zimewaka: volti 0.9. Mkanda wa athi ulikuwa umeliwa na kutu ya chumvi, kijani kibichi kwenye nati. Nikausugua, nikabadilisha nati, nikapaka grisi. Kuanzia hapo sailensi haikushuka tena nikiwasha taa. Nilishangilia, lakini kesho yake gari likanizimikia Mwenge mchana kweupe. Kumbe yalikuwa magonjwa mawili.

Nikarudi kwenye koili. Niliazima taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inapopita kwenye waya, nikabana kishikio chake kwenye waya mnene unaotoka kwenye koili kwenda katikati ya kofia ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi. Kwenye sailensi taa ilikuwa inarukaruka mapigo. Maana yake cheche inapotea kabla ya kufika kwenye kofia, kwa hiyo kofia, rota, nyaya za plagi na plagi zenyewe zote nikaziacha. Waya za nyuma ya saa ya RPM nikaziunganisha moja kwa moja kwa muda ili niikwepe saa. Hakuna mabadiliko. Ikabaki distribyuta.

Nikafungua kofia, nikazungusha injini kwa spana mpaka pointi (vidole vya chuma vinavyofunga na kukata umeme wa koili) zikafunga, nikawasha swichi. Hasi ya betri hadi bodi la distribyuta: 0.05, safi. Hasi ya betri hadi kile kisahani kinachobeba pointi, ambacho kimo ndani ya bodi hilo hilo: 1.7. Nikafyonza kwa mdomo mpira wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa ya injini unaozungusha kisahani, ili kizunguke. Mita ikashuka hadi 0.1. Nikaachia, ikapanda tena 1.7.

Pale ndipo kila kitu kilieleweka. Kisahani kile hukaa juu ya vigololi, na athi yake hupitia kwenye kiwaya kifupi, kama sentimita sita, kinachojikunja kila kisahani kinapozunguka. Kwenye 240Z vakyumu ya distribyuta haivuti gari likiwa kwenye sailensi. Ukikanyaga mafuta ndiyo inavuta, kisahani kinazunguka, kiwaya kinalegea na ncha zilizokatika zinagusana. Ukiachia, kinanyooka na ncha zinaachana. Ndiyo maana gari lilikuwa zima mwendoni na gonjwa kwenye taa. Nilikitoa nikakishika mkononi: ganda halina hata mchubuko, lakini ukilivuta kidogo linarefuka kama mpira. Ndani shaba ilishakatika.

Kiwaya kipya nilikikata kwenye waya wa mita yangu ya zamani, kwa sababu waya wa mita una nyuzi nyembamba nyingi na hujikunja bila kuchoka. Vichwa nilivibana kwa koleo, sikulehemu. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi, zinakakamaa, na hukatika pale pale ugumu unapoishia. Nikasafisha vigololi, nikaweka grisi kidogo, nikarekebisha pointi kwa milimita 0.5, kisha nikapanga upya taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, maana ukigusa pointi taimingi nayo inahama.

Jumamosi iliyofuata nilizirudia kabureta, safari hii kwa haki. Nati za chini, zinazopanga kiasi cha mafuta, nilizifunga mpaka mwisho, nikazirudisha mizunguko miwili na nusu kila moja. Baada ya wiki moja nilitoa plagi zote sita. Zilikuwa kavu, rangi ya kahawia, zote sawa, dalili kwamba mafuta yanaungua vizuri.