Kola ya koti na miaka 32 ya Mobutu

Juzi nilipeleka suti kwa fundi, ya harusi ya mdogo wangu, koti linanibana mabegani. Fundi mwenyewe ni mzee wa Kikongo ana kibanda hapa Kigoma mjini, yuko huku miaka na miaka ila Kiswahili chake bado cha ng'ambo ya ziwa. Akalishika koti kwenye kola, akaligeuza geuza, akacheka. "Mwanangu, hii ingekupeleka kasho." Kasho kwao ni jela.

Nikajua ananitania tu, kumbe yuko siriasi. Enzi zile yeye alikua kijana anajifunza cherehani Uvira, kule Kongo, na rais wao Mobutu ndo kashapiga marufuku suti na tai. Mwanaume akitaka kupendeza avae abakosti, neno la Kifaransa lililokatwa katwa maana yake "suti ife", koti linafungwa hadi karibu na shingo, tai hamna, ukilivaa huku kwetu watu watakwambia Kaunda suti. Wanawake nao suruali na mawigi mwiko, vitenge tu. Mzee anasema kazi zilimiminika balaa, maana nchi nzima inabadilisha koti kwa mpigo, na yeye ndo kwanza anajua kupiga pasi.

Sasa tangu siku hiyo nimekua nikilifikiria hili jambo hadi nakosa usingizi, kwasababu mi nilizoea kudhani udikteta ni bunduki basi. Bunduki kweli ilikuwepo. Novemba 1965 rais Kasavubu na Tshombe, aliyekuwa waziri mkuu wake, wanavutana nani mkubwa, bunge limekwama, watu wamechoka na vurugu tangu uhuru, Mobutu akiwa mkuu wa jeshi akachukua nchi bila hata jasho kumtoka na wengi wakashangilia. Marekani na Ubelgiji wala hawakununa. Akasema wanasiasa wameharibu nchi kwa miaka 5 kwahiyo na yeye apewe miaka 5 tu ya kuitengeneza. Mitano! Alikuja kuondoka Mei 1997.

Halafu mwaka uliofuata, Juni 1966, akawanyonga hadharani Kinshasa watu wanne, aliyekuwa waziri mkuu Évariste Kimba na mawaziri wa zamani watatu, kesi yenyewe ya kijeshi iliisha haraka kuliko foleni ya benki, na umati mkubwa ukajaa kuangalia. Baada ya pale hakuhitaji kunyonga kila wiki, ile picha ilishaingia vichwani. 1968 Pierre Mulele, kiongozi wa waasi, akarudishwa kutoka Brazzaville kwa ahadi ya msamaha, alipofika akauawa.

Ila bunduki ni ya kuingilia. Ya kukalia ni mambo mengine, na mengi ukiyaangalia ni ya kijinga kabisa. Chama kimoja, MPR cha Mobutu mwenyewe, kilianza 1967, na baadae ikawa kila Mkongo ni mwanachama kwa kuzaliwa, hujiungi wala hujitoi. Mzee kaniambia "hata katoto ka mu tumbo kalikuwa MPR". 1970 uchaguzi, mgombea yeye peke yake, kadi ya kijani ni matumaini na nyekundu ni fujo, unaokota yako watu wanakuona. Akapata kura zaidi ya milioni 10, za kukataa zikatangazwa 157. Hao 157 nawaza sana walikua akina nani jamani, au ziliandikwa tu ili ionekane kulikuwa na uchaguzi.

1971 nchi ikaitwa Zaire, kisha majina ya Kizungu yakapigwa stop, Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, padri akimbatiza mtoto jina la Kizungu anaweza kufungwa. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alilalamika, akaishia kukaa Roma kwa muda. 1974 Krismasi ikafutwa kwenye sikukuu za serikali. Taarifa ya habari kwenye TV inaanza na uso wa Mobutu unashuka kutoka mawinguni kama malaika, nyie.

Na asubuhi kabla ya kazi mnacheza. Maofisini, mashuleni, nyimbo za kumsifu baba wa taifa na kukata viuno, waliita animasyo. Nikamuuliza mzee, sasa mlikua mnampenda au mnaigiza? Akaacha kukata uzi. Akasema ukicheza unamuangalia jirani kama anacheza vizuri, na jirani anakuangalia wewe, na siku ukirudi nyumbani hujui tena nani kaanza. Mi hapo ndo nimeelewa. Askari wa kumchunga kila mtu hawatoshi, ila majirani wanatosha.

Kwa wakubwa dawa ilikua nyingine, na hii naona ndo kali zaidi. Chukua Nguza Karl-i-Bond. Waziri wa mambo ya nje, 1977 anashtakiwa uhaini, anahukumiwa kifo, mwenyewe alikuja kueleza mateso aliyopata. Mwaka mmoja baadae yuko huru, 1979 waziri tena, 1980 waziri mkuu! 1981 anakimbilia Ubelgiji, anaenda hadi bunge la Marekani kumwanika Mobutu na wizi wake. Umefikiri imeisha? 1985 karudi nyumbani, 1986 ni balozi Washington, 1991 waziri mkuu kwa mara nyingine. Ukimuua mtu kama huyo unawapa wafuasi wake mahali pa kulilia, ukimpa gari na cheo nani atamfuata tena, na wenzake wote wamejifunza kwamba kifungo na uwaziri viko kwenye mfuko mmoja wa mtu mmoja.

Uchumi ndo usiseme. Novemba 1973 biashara za wageni zikanyang'anywa wakapewa wenye chama. Mzee anakumbuka duka la vitambaa walilokua wananunulia, mwenye duka mpya alikuja na abakosti safi sana, akauza kila kitu hadi makabati, miezi michache tu vifungo havipatikani Uvira nzima na wao wanakata vifungo vya nguo kuukuu kushonea makoti ya wakubwa.

Aprili 1990 ukuta wa Berlin ushaanguka, Mobutu akaruhusu vyama vingi, analia mbele ya watu, na tai zikaruhusiwa. Mzee anasema wiki hiyo wateja walimletea tai zimekaa masandukuni karibu miaka 20, zimeliwa na mende, na shida kubwa ni kwamba hakuna anayekumbuka fundo. Ikabidi mzee ajifunze kwa picha ya gazeti la zamani. Mmoja wa waliokuja kufungwa tai ni yule kiongozi wa MPR wa mtaani kwao, aliyekua akipita kukagua makola. Alisimama mbele ya kioo, kidevu juu, kimya.

"Ukamfunga?" nikamuuliza.

"Nilimfunga. Na alilipa."

Koti langu nalifuata Ijumaa.