Shimo la Septiki Nyuma ya Jiko la Mama

Mkandarasi tuliyempa kazi ya choo cha mama, kule Bombo, Uganda, mwaka 2019, hakuwa tapeli. Nalitanguliza hili kwa sababu ndugu zangu kadhaa wanamwita hivyo mpaka leo, na mimi sikubali. Alikuwa kijana wa Kampala aliyesomea ujenzi, na Kiswahili chake kilinyooka kwa kuzoeana na askari kwenye kazi za kambini. Tulimwita Injinia, kama watu wote.

Magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Kila usiku alitoka na tochi kwenda choo cha shimo kilichoko mwisho wa migomba, na mvua ikinyesha hakwenda kabisa, alijizuia mpaka asubuhi. Tukakubaliana shilingi milioni 4 na laki 6 kwa choo cha kukaa, bafu, mabomba na shimo la septiki nyuma ya nyumba. Milioni 3 tulitoa mwanzoni, iliyobaki ilipwe kazi ikiisha. Mkataba ulikuwa karatasi moja, mjomba akasaini kama shahidi.

Nyumba yenyewe ni ya babu. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo, saruji ikapakwa nje tu, kwenye plasta. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, Wanubi wengi wa Bombo, waliohesabiwa kuwa watu wake, walikimbia, na wetu walikuwa miongoni mwao. Mama aliporudi mwaka 1986 alikuta mabati yameng'olewa, milango haipo, hata fremu za madirisha zimechukuliwa. Kuta zilikuwa zimesimama. Aliezeka kipande kwa kipande, chumba kimoja kwanza, kisha cha pili, na sisi watoto tukalelewa humo. Mtu akiniambia "ukuta wa zamani tu ule", huwa simjibu haraka, maana nitamjibu vibaya.

Novemba ile mvua haikutupa nafasi. Ndizo mvua zilizojaza mito Afrika Mashariki nzima, na Mei iliyofuata Ziwa Victoria likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya mwaka 1964. Shimo la septiki lilikuwa limefika mita tatu kwenda chini, na kutoka ukingo wake hadi msingi wa jiko ulikuwa unapiga hatua mbili, umefika. Hakukuwa na ubao hata mmoja wa kuzuia kingo zisibomoke. Usiku, baada ya isha, tukasikia kishindo, kisha vyombo vinaanguka. Ukingo wa shimo ulikuwa umeporomoka na kuondoka na udongo uliokuwa chini ya kona ya jiko. Kona ikakaa chini. Ukuta ukapasuka kuanzia pembe ya dirisha hadi juu ya linta, na kabati la vyombo la mama likalala kifudifudi sakafuni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, kwa sababu mama alikuwa chumbani anavuta uradi.

Injinia alifika kesho yake, buti zimejaa matope. Alitazama shimo, akatazama ukuta, akasema, "Hajati, pole sana. Lakini hii ni mvua. Mvua ni ya Mungu."

Mama akamjibu, "Mvua ni ya Mungu, mwanangu. Shimo ni lako."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Injinia alishikilia kwamba nyumba ya udongo isiyo na mkanda wa zege juu wala chini ingeanguka tu, leo au kesho, na kwamba nyufa nyingine zilikuwepo kabla hajakanyaga pale. Sisi tulisema amechimba karibu mno na hakuweka mbao. Alisimamisha kazi, akasema hatagusa kitu mpaka tummalizie pesa zake. Na sisi tukasema hatutoi hata shilingi mpaka ajenge ukuta. Mama akarudi kwenye tochi yake na njia ya migombani, safari hii akilizunguka shimo lililo wazi. Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Mimi ni muuguzi, nimewaona wazee waliovunjika nyonga, na najua jinsi wanavyomaliza siku zao.

Mjomba, askari mstaafu, alitaka tumpeleke Injinia polisi alale ndani, maana "akilala ndani atalipa." Nilikataa. Kesi ya jinai ya kuharibu mali inataka mtu awe amekusudia kuharibu, na hakuna aliyekusudia kuliangusha jiko la mama. Kumfunga mtu kwa ajali ili umkamue pesa ni dhuluma, hata kama anadaiwa kweli. Mjomba alininunia, na nikamwacha anune.

Kisha wakaja vibarua. Vijana wawili, mmoja Mteso, mwingine wa hapohapo Bombo, wakasimama mlangoni na mikono nyuma. Walikuwa wamechimba shimo lile tangu siku ya kwanza. "Mama, Injinia anasema hamjamlipa, kwa hiyo na sisi hatujalipwa." Nilikuwa sijawafikiria. Katika mabishano yetu yote, ya sisi na Injinia, watu waliolitolea jasho lile shimo hawakutajwa na upande wowote. Nikawapa chai na mkate, nikawaambia wasiende mbali, watahitajika.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Wengi wanadhani LC ni ya kugonga muhuri kwenye barua tu, lakini sheria ya mwaka 2006 inaipa korti ya kijiji mamlaka ya kusikiliza madai ya mikataba na uharibifu wa mali ambayo hayazidi shilingi milioni 2, na mawakili hawaruhusiwi kumsimamia mtu pale. Nilikuwa na makisio ya fundi mwingine ya kuusimamisha ukuta upya: milioni 1 na laki 7 na elfu 40. Ilitosha humo humo. Na mwenyekiti wetu alichaguliwa mwaka 2018, ule uchaguzi wa kupanga foleni nyuma ya mgombea ambao nchi iliungoja tangu 2001, kwa hiyo alijua anaangaliwa.

Nilimwomba jambo moja, kikao kisifanyike ofisini kwake. Kifanyike jikoni kwa mama.

Kwa hiyo tulikutana pale, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya matofali. Mwenyekiti Mganda, katibu Mualur, mama mmoja wa kamati kutoka Gulu, sisi Wanubi, Injinia, fomani wake na wale vibarua. Kikao kilikwenda kwa Kiswahili, ndiyo lugha iliyotutosha sote. Nilimleta pia mzee mmoja fundi mwashi, aliyekuwa akijenga tangu enzi za Obote, na Injinia mwenyewe akasema anamheshimu. Hilo lilisaidia kuliko sheria yoyote.

Mzee hakutaka kusikia hadithi ya mtu. Alisema, "Nionyesheni nyufa." Akaingia na tochi ya simu na kisu kidogo, akaanza na ule ufa mkubwa wa dirishani. Akatuita mmoja mmoja tutazame ndani yake. Kingo zake zilikuwa kali na safi, tofali jekundu linang'aa kama nyama iliyokatwa sasa hivi, na rangi ya ukuta ilikatika sawasawa pande zote mbili. "Ufa huu ni mpya," akasema. "Ufa mzee hula vumbi. Buibui huweka nyumba. Ukipaka rangi, rangi inaingia ndani." Akausogelea wa pili, ule wa kona. Hali ileile. Wa tatu, juu ya linta, vilevile.

Kisha akafika kwenye ufa mrefu uliopanda ukuta wa upande wa chumba cha mama. Akachokoa kwa ncha ya kisu. Ndani kukatoka unga wa rangi ya krimu, na chini yake rangi ya kijani. Kijani kile nilikikumbuka, ndiyo rangi ya jiko nilipokuwa mdogo. Kabla mzee hajasema neno, mama akasema, "Huo ni wangu. Niliukuta niliporudi mwaka 1986. Msimwandikie."

Injinia alimtazama mama kwa muda. Nadhani alikuwa amejiandaa kupigania ule ufa mpaka jioni. Kuanzia pale sauti yake ilishuka, akaacha kutuita "nyinyi watu", akarudi kusema "Hajati".

Mzee akamgeukia. "Injinia, shimo la mita tatu unaliweka umbali gani na msingi?" Injinia akajibu kwa sauti ndogo kwamba halipaswi kuwa karibu kuliko kina chake. "Na hapa?" Fomani akapima kwa futi yake mbele ya wote: mita moja na sentimita arobaini. Injinia akaeleza kwamba fomani alilisogeza shimo kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mizizi ya mwembe, na yeye siku hiyo alikuwa kwenye kazi nyingine Kampala. Hakumtupia fomani lawama yote. "Kazi ni yangu," akasema. Niliona lilimgharimu kulisema mbele ya vibarua wake.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa hesabu, ingawa ilichukua muda mrefu na sauti zilipanda tena mara kwa mara. Tuliandika kwenye daftari la LC hivi: Injinia atalijaza lile shimo kwa maramu na kushindilia tabaka kwa tabaka, kisha atachimba jipya ng'ambo ya mwembe. Ataushika msingi kutoka chini kwa zege, kipande kisichozidi mita moja kwa zamu, aruke kimoja, arudi, ili ukuta usiachwe ukining'inia. Nyufa tatu ni zake kwa gharama yake, ule wa kijani ni wetu. Salio letu la milioni 1 na laki 6 halitalipwa kwa mkupuo: laki 3 zinatoka leo na zinakwenda mikononi mwa vibarua mbele ya mwenyekiti, laki 9 msingi ukishakamilika na mzee akiridhika, laki 4 baada ya miezi miwili, kama ukuta umetulia.

Injinia aligomea hiyo miezi miwili. Alisema tukitaka tunaweza kuona ufa wa kubuni ili tubaki na pesa yake, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuogopa, watu hufanya hivyo. Mzee ndiye aliyelimaliza. Alisema ukuta ukishazibwa atabandika kipande chembamba cha kioo kila mahali ufa ulipokuwa, pande mbili kwa plasta, na tarehe ataikwangua juu ya plasta kwa msumari. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kitakatika. "Kikikatika, unadaiwa. Kikiwa kizima, unalipwa. Hutamsikiliza Hajati, hutanisikiliza mimi, utasoma kioo." Injinia akakubali. Sote tukasaini, mwenyekiti akagonga muhuri, na wale vijana wakahesabu pesa zao palepale, mmoja akazirudia kuhesabu mara ya pili na hakuna aliyemlaumu.

Kazi ilifanyika wakati mvua ikipungua, Desemba. Injinia alikuja kila asubuhi na hakutuma mtu. Nilimwona akiwa amepiga magoti ndani ya mtaro, anapima zege na pima maji mwenyewe, huku fomani akimpokeza karai. Choo cha mama kilianza kutumika kabla ya mwaka mpya. Usiku wa kwanza alikwenda mara mbili bila haja yoyote, kujaribu tu swichi ya taa.

Februari mzee alirudi na Injinia, na mwenyekiti akaja kama shahidi. Vioo vitatu, vyote vizima. Mzee akapitisha ukucha kwenye kila kimoja, akaitikia kwa kichwa. Nikamtumia Injinia laki 4 kwa simu akiwa amesimama mbele yangu, ujumbe ukaingia, akasaini daftari kwamba hadai na hadaiwi.

Hadaiwi, isipokuwa kabati. Kabati la vyombo la mama, la mvule, lililovunjika mlango na miguu miwili usiku ule, halikuingia kwenye hesabu kwa sababu mama mwenyewe alikataa liandikwe. Alisema kijana amebeba vya kutosha. Nilibishana naye siku ile mbele ya kikao, na nilibishana naye tena baadaye tukiwa wawili, maana vyombo vilivyokuwamo alivinunua kimoja kimoja kwa pesa ya mandazi. Mama alishamsamehe Injinia. Mimi naona angelilipa.