Nilivyomwandika binti mateka wa Wakomanchi kwa Kiswahili

Riwaya yenyewe ni fupi: sura 22, maneno kama 60,000. Binti wa masetla wa Kijerumani huko Texas anatekwa mwaka 1866 akiwa na miaka 8, analelewa na Wakomanchi, wenyeji asilia wa nyika za huko ambao Kiingereza kiliwaita "Indians", kisha anarudishwa mwaka 1872 akiwa na miaka 14. Naeleza nilivyoijenga, zaidi upande wa maneno, maana huko ndiko kulikonitoa jasho. Matukio yameandikwa sana kwa Kiingereza. Kazi inaanza unapoyaleta kwa msomaji ambaye Mhindi kwake ni mtu mwenye asili ya Gujarati, na nyati ni yule wa Serengeti.

Nilimweka kando Cynthia Ann Parker tangu mwanzo. Alitekwa tarehe 19 Mei 1836 kwenye boma la ukoo wake, Fort Parker, akiwa na miaka kama 9. Aliishi na Wakomanchi miaka 24, akamzaa Quanah, aliyekuja kuwa chifu wao, na Desemba 1860 askari wa Texas wakamchukua kwa nguvu kandokando ya mto Pease. Kisa chake ni kizito, ila mwisho wake unajulikana, na maneno yake mwenyewe yaliyobaki ni machache mno. Kumtungia hotuba mtu wa kweli ambaye hakupewa nafasi ya kusema niliona ni kumteka mara ya tatu. Nikabuni binti wangu, nikachukua jambo moja kutoka kwa Herman Lehmann, mvulana wa familia ya Kijerumani aliyetekwa na Waapache, wenyeji wengine wa huko, mwaka 1870, baadaye akaishi na Wakomanchi. Aliporudi mwaka 1878 alikuwa amekisahau Kijerumani. Riwaya nzima nimeijenga juu ya usahaulifu huo.

Umri niliupiga hesabu kabla ya jina. Mtoto wa miaka 3 hana cha kusahau. Wa miaka 13 anakumbuka kila kitu, na mara nyingi aliwekwa akiba ya kukombolewa kwa fedha au bidhaa. Wa miaka 8 ana sala, ana nyimbo, anajua kuhesabu, na bado ulimi wake ni laini. Halafu nikaandika sura ya 17 kabla ya zote, kwa kuwa tarehe yake haisogezeki: 29 Septemba 1872. Siku hiyo kikosi cha Ranald Mackenzie, afisa wa jeshi la Marekani, kilivamia kambi ya Wakotsoteka, tawi la Wakomanchi ambalo jina lake maana yake ni walaji nyati, kwenye kijito cha McClellan, kaskazini mwa Texas. Wanawake na watoto zaidi ya 100 walichukuliwa, wakafungiwa kwenye ngome ya jeshi ya Fort Concho majira yote ya baridi. Ili wawapate watu wao, Wakomanchi wakaanza kuwapeleka Fort Sill, ngome nyingine ya jeshi, watoto wa masetla waliokuwa nao. Vijana kama Adolph Korn na Clinton Smith walirudishwa msimu huo.

Basi binti yangu ni bei. Mama aliyemlea yuko Fort Concho, na yeye ndiye anayetolewa ili mama huyo aachiliwe. Nilipochukua ramani nikaona jambo ambalo nisingeweza kulitunga: kutoka Fort Concho hadi wilaya ya Mason, nilikoweka nyumba ya wazazi wake, ni kama kilomita 140 tu. Kambi aliyokulia iko zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumba hiyo. Mama mlezi amefungwa karibu na nyumba aliyozaliwa binti kuliko binti mwenyewe alivyowahi kuwa kwa miaka 6.

Sasa maneno. Nilichora daftari lenye safu tatu: neno, sura linapoingia, sura linapotoka. Neno likishatoka, haliruhusiwi kurudi hata kwa msimulizi. "Jumapili" ni mfano mzuri. Nyumba ya Kilutheri inahesabu Jumapili, kwa hiyo mtoto anafunga fundo kwenye uzi wa gauni lake kila anapodhani imefika. Sura ya 4 hana uhakika, sura ya 6 gauni limeshachanika na kuvuliwa, neno limeisha. Msomaji haambiwi kwamba amesahau. Anasoma kurasa 200 bila Jumapili, basi.

"Wahindi Wekundu" sikulitumia hata mara moja. Linatusi, tena linachanganya. Sura 3 za kwanza wanaitwa Wakomanchi, jina walilopewa na majirani zao Wayuti, likapita kwa Wahispania. Wao wenyewe hujiita Numunu, yaani watu. Hapo Kiswahili kilinipa zawadi, nikaipokea kwa mikono miwili: hadi sura ya 8, "watu" ni baba, mama na majirani wa Kijerumani. Kuanzia sura ya 9, "watu" ni Wakomanchi, na wale wengine ni "taibo", neno la Kikomanchi la mgeni mweupe. Hakuna sentensi inayotangaza badiliko hilo. Ila "mzungu" nililifungia nje kabisa. Linabeba historia ya kwetu, na likitokea mara moja tu msomaji anahama Texas na kujikuta Nakuru. "Masetla" nimeliacha kwa makusudi, hata kama nalo lina harufu ya Nakuru, kwa sababu harufu hiyo ni ya haki: ardhi ya mtu mwingine, bunduki, na hati iliyoandikwa mbali.

Maneno ya Kikomanchi nilitaka 20, nikabaki na 4: taibo, kaku, ara na Numunu. Mengine yaligongana na Kiswahili. Mama kwa Kikomanchi ni "pia". Jaribu kuandika "Pia alimshika mkono" uone kama kuna atakayeelewa. Maji ni "paa", na msomaji ataona swala au bati. Ndiyo ni "haa", ambalo kwetu ni mshangao. Unaweza kuyaandika kwa italiki, lakini italiki katika kinywa cha mtoto inamfanya aonekane mtalii nyumbani kwake.

Ukoo ndio uliokwenda vizuri kuliko yote. Waandishi wa Kiingereza hulazimika kueleza kwa aya nzima kwamba Wakomanchi humwita dada wa mama kwa neno la mama, na kaka wa baba kwa neno la baba. Mimi niliandika mama mdogo na baba mkubwa, nikaendelea na safari. Bibi mzaa mama na mjukuu wake huitana kwa neno moja, kaku, na mtoto na mjomba wake vilevile huitana ara. Msomaji aliyezoea babu akimtania mjukuu wa kike kuwa ni mkewe haoni ajabu yoyote. Hadhi ya binti inapanda kwa maneno hayo: miezi ya kwanza ni mateka, halafu kijakazi wa kuchota maji na kuokota samadi kavu ya nyati kwa ajili ya moto, halafu kikongwe mmoja anamwita kaku mbele ya wenzake. Tangu jioni hiyo hapigwi tena. Sikuwapamba lakini. Rachel Plummer, aliyetekwa siku moja na Cynthia Ann, aliandika mwenyewe mwaka 1838 jinsi alivyofungwa, kupigwa na kutumikishwa, na sura yangu ya 2 ina mauaji ya ndugu wa binti bila pazia. Wapo wanaoandika Wakomanchi kama malaika wa nyikani, na wapo wanaowaandika kama fisi. Wote wanaruka kazi.

Kiswahili pia hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. "Alimpa maji" usiku wa pili wa safari: nani? Mtoto amefunikwa uso, haoni. Nimeuacha mkono huo bila jinsia kwa sura 5, hadi tunapojua kuwa ni wa kijana aliyemuua kaka yake. Kwa Kiingereza ningebanwa kwenye sentensi ya kwanza.

Kupima miaka nilitumia kazi ya kulainisha ngozi za nyati badala ya kalenda, kwa sababu mtoto wa kike alikuwa huko kutwa nzima. Ngozi inatandazwa manyoya chini, inawambwa kwa vigingi pembeni kote, nyama na mafuta yaliyobaki yanaparwa kwa chombo cha mfupa chenye meno. Ikikauka, inakwanguliwa kwa tezo ndogo yenye mpini wa pembe mpaka unene uwe sawa. Ngozi ya joho la baridi huachiwa manyoya, ya hema huondolewa. Kisha unapaka mchanganyiko wa ubongo, ini na mafuta, unasugua hadi uingie, unailoweka, unaikamua, unaivuta huku na huku juu ya kamba ya kano hadi ikauke ikiwa laini. Hapo ndipo wanaoanza wanapoharibu: ukipumzika kuvuta kabla haijakauka, inakuwa ubao, na unarudi kuiloweka upya. Kosa la pili linajificha. Ngozi isiyofukizwa moshi inaonekana nzuri, ila mvua ya kwanza ikiipiga inakakamaa tena. Kwa hiyo: sura ya 7 ngozi yake ya kwanza inakuwa ubao. Sura ya 10 inalainika, mvua inaiharibu. Sura ya 13 anachimba shimo la moshi bila kuagizwa. Sura ya 16 anamnyang'anya mtoto mwingine kamba na kuvuta mwenyewe, kwa hasira ileile aliyofanyiwa yeye. Hema moja lilihitaji ngozi 10 au zaidi, na Wakomanchi walilisimamisha kwa nguzo 4 za msingi, tofauti na Wakiowa jirani zao waliotumia 3. Usichanganye, anayejua ataona.

Makosa ya rasimu ya kwanza yalikuwa ya pwani. Niliwapa samaki wa kuchoma kando ya mto, kumbe Wakomanchi waliwaepuka samaki, na nyama ya mbwa hawakuigusa kabisa. Nikatoa. Nilitumia adhuhuri, alasiri na magharibi, kisha nikasikia adhana katikati ya nyika ya Llano Estacado. Nikaweka jua la utosi, jua linainama, jua kuchwa. "Mwezi" kwa bahati ni wa angani na wa kalenda kwa pamoja, hauhitaji kuguswa. Nyati nilimwacha na jina lake, lakini mara ya kwanza anapotokea nimempa nundu, ndevu na manyoya mazito ya mabegani, kabla msomaji hajamchora yule wa kwetu. Methali za minazi na majahazi nilizifuta zote, hata zile nilizozipenda.

"Marehemu" ndilo lililonisumbua zaidi. Wakomanchi hawakutamka jina la aliyekufa. Baba mlezi anapofariki sura ya 14, wanawake wanakata nywele na kujichanja mikono, mali yake inateketezwa, mwili unalazwa magoti yamekunjwa kwenye ufa wa jabali uso ukielekea mawio, siku hiyohiyo ikiwezekana. Mazoea yetu ni kusema marehemu fulani. Nikalifuta jina lake kuanzia ukurasa ule hadi mwisho, na pale ilipobidi atajwe niliandika "yule aliyekuwa na farasi wa madoa". Farasi huyo nilitangulia kumweka sura ya 5, la sivyo msomaji angepotea.

Kuna swali ambalo msomaji wa huku atauliza hata usipomwambia: watu weusi walikuwa wapi? Texas ya mwaka 1860 ilikuwa na watumwa zaidi ya 180,000, na tangazo la uhuru lilisomwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, mwaka mmoja kabla ya kisa changu kuanza. Britt Johnson, mtu mweusi wa mpakani, mke na watoto wake walitekwa Wakomanchi na Wakiowa walipovamia Elm Creek, Oktoba 1864, na akafanikiwa kuwapata. Yeye mwenyewe aliuawa na Wakiowa mwaka 1871. Nimempitisha kwa kurasa 2 kama habari inayosimuliwa barabarani na msafirishaji mizigo. Kumpa zaidi kungehitaji riwaya nyingine, na inastahili.

Farasi wa kijito cha McClellan wasisahaulike. Mackenzie aliwateka mamia, Wakomanchi wakawarudisha usiku kwa kuwatimua kutoka kambini mwake. Hilo ndilo lililomfanya, baada ya mapigano ya korongo la Palo Duro tarehe 28 Septemba 1874, aamuru farasi zaidi ya 1,000 wapigwe risasi. Kisa changu kinaisha kabla ya hapo, kwa hiyo nimeweka usiku wa kurudisha farasi tu, nikamwachia anayejua kinachofuata.

Makabidhiano yalinitesa kwa sababu ya kalenda. Binti anatolewa Fort Sill mwishoni mwa 1872, wanawake wa Fort Concho wanaachiliwa mwaka 1873, kwa hiyo hakuna siku ambayo mama na mwana wanaonana. Nilijaribu kuwakutanisha mara 3, tarehe zikanikatalia, nikakubali. Shida ya mwisho ilikuwa mama wawili wenye neno moja. Kwenye rasimu ya pili niliandika "mama mzazi" na "mama mlezi", ikasomeka kama faili la ustawi wa jamii. Sasa yule wa Mason ni "mwanamke wa taibo" anaposhuka kutoka kwenye gari la ng'ombe, "mwanamke huyo" anapoleta mkate, na "yeye" anapokaa kitandani usiku akiimba wimbo ambao binti anaujua sauti yake bila maneno. Sura hiyo ina kurasa 4, na neno "mama" halimo.